Gari Lisilonguruma

Baba yangu alinunua ng'ombe mnadani Misungwi
kwa kuwafumbua mdomo na kuwahesabu meno,
kuwapiga kofi la nyonga, kisha kusubiri watembee.
Hakuuliza kwa nini wanauzwa.
"Muuzaji atakudanganya," alisema. "Kwato hazijui uongo."

Hili halina meno.
Nimefunua boneti pale Nyakato, nyuma ya bohari la pamba,
nikakuta uwazi safi kama sufuria ya bibi harusi:
hamna mkanda wa feni, hamna kijiti cha kupimia oili,
hamna hata uchafu wa kumshikia mtu uongo.
Magurudumu yote manne yanavuta, anasema Ndalahwa,
mota mbele, mota nyuma,
na anazungusha mikono kama anayesonga ugali wa msiba.

Bwire, fundi wangu, akachomeka kidude chini ya usukani.
Simu yake ikafikiri,
ikafikiri,
ikajibu: betri imebaki themanini na moja kwa mia.
"Si mbaya, mama. Kwa umri wake."
Nikacheka peke yangu.
Daktari pale Bugando alisema maneno hayohayo
juu ya goti langu la kushoto,
na hakuna aliyenipunguzia bei.

Tukalipandisha Isamilo kwa ile njia ya mawe,
mvua ya alfajiri bado inachuruzika katikati ya barabara,
pale ambapo pikapu ya marehemu Maduhu
ilikuwa ikikohoa, ikirudi nyuma hatua mbili
kama mtu anayekwenda kuomba mkopo.
Hili halikuomba.
Gurudumu la mbele likateleza, la nyuma likashika,
kama watu waliooana zamani
hawana haja ya kuambiana.
Na kile kimya!
Nikasikia kokoto. Nikasikia pimbi
wakikimbilia kwenye nyufa za majabali,
redio ya mtu ikisoma matangazo ya vifo,
na Ndalahwa, kiti cha nyuma, akimeza mate.

Juu kabisa, ziwa likiwa limetandazwa chini yetu
kama bati jipya ambalo halijapigwa msumari,
nikauliza lile swali la baba, ambalo hakuliuliza:
"Kwa nini unaliuza?"

Akatazama upande wa Saanane.
"Mke wangu halisikii likija.
Miaka kumi na tisa amezoea
dizeli ikikata kona ya Nera, ndipo abandike maji.
Siku hizi nafika kama mwizi.
Jiko baridi, yeye anashtuka,
anasema nimeanza kumvizia."

Bwire alicheka hadi akashika dashibodi.
Mimi sikucheka.
Kona hiyo naijua. Maduhu akishusha gia,
mimi maji; akifika kwenye mwarobaini, unga;
kisha geti.
Huu ni mwaka wa tatu nabandika maji
bila kuambiwa na kona yoyote.

Tulianzia milioni arobaini na mbili.
Yeye akaapa kwa mama yake, mimi nikaapa kwa goti.
Bwire akapiga hesabu ya LUKU kwenye kiganja chake,
akasema ni nafuu kuliko mafuta, akasema tena,
mpaka nikamwambia anyamaze, anapandisha bei.
Thelathini na nane na nusu,
pamoja na waya wa kuchajia
na mazulia ya mpira yenye mchanga wa Geita.
Sikukagua kwato.

Nimefika nyumbani saa moja na robo usiku.
Mbwa wangu, Polisi, amelala kwenye ngazi,
sikio moja juu, hajui kama nimekuja.
Taa zimeangaza geti, geti limeniangalia.
Hakuna kinachonguruma. Hata mimi.

Nikapiga honi mara moja, kwa aibu.
Halafu mbili fupi,
kama alivyokuwa akipiga.

Polisi akaamka, akabweka, amechelewa.
Nikashuka, goti likilalamika,
nikajifungulia.