Sampuli ya Kumi na Saba

Mimi si mtaalamu. Mtaalamu ni Dakta Nirjala,
ambaye jina lake, ukilifungua, ni Bila-maji,
na kutwa yumo majini.
Mimi hubeba kisanduku cha barafu,
huosha visahani, huvipiga mvuke
hadi kilichokuwa hai ndani yake kisiwepo.

Patan tunaiamkia kabla ya njiwa.
Tunashuka ngazi za matofali hadi kwenye shimo la mraba
ambako maji hutoka mdomoni mwa mnyama wa jiwe,
pua ya tembo, taya la mamba,
na foleni imekwisha pangwa:
mitungi imetangulia, wenyewe bado wamelala.
Nausugua mdomo wa mnyama kwa spiriti,
nakinga chupa, naandika namba.
Dakta hataki majina.
"Jina lina ndugu," husema. "Namba haina."

Maabarani, mililita mia hupita kwenye karatasi
nyembamba kuliko ganda la kitunguu,
pampu ikikohoa kama pikipiki ya asubuhi.
Kisichopita hubaki juu.
Tunakilaza kwenye chakula chake, tunakifunika,
tunakipa joto la kwapa,
saa ishirini na nne.
Chembe moja isiyoonekana huamka kijiji.
Umeme ukikatika, Dakta hulivika kabati shali yake
na kusimama karibu,
kama mtu aliyeacha uji mekoni.

Jumatano alifungua ya kumi na saba.
Buluu. Buluu juu ya buluu,
kama mtu amekung'uta kalamu kwa hasira.
Alianza kuhesabu kwa ncha ya sindano,
ishirini, arobaini,
akaiweka sindano chini.
Daftarini akaandika: haihesabiki.
"Hii ya wapi?" akauliza, bila kuinua uso.
Nikasema nitaangalia.

Sikuwa na haja ya kuangalia.
Mtungi uliokuwa wa kwanza kwenye foleni ile
una bonde ubavuni,
nililitia mimi, nikiwa na miaka sita.

Mama alinisikiliza huku akichambua dengu.
"Mfereji wa choo umepasuka huko juu," nilisema,
"unavujia kwenye njia ya maji."
"Choo cha nani?"
Sikuwa na jibu.
"Na hao wadudu, wangapi?"
"Hawahesabiki."
"Hata miungu tunaambiwa hivyo hivyo,"
akapuliza makapi.
Kisha akachemsha maji ya chai yangu.
Yake akayanywa vilevile, akinitazama,
hadi tone.

Siku nane baadaye, ndani ya kopo langu la chakula,
juu ya wali mkavu,
nikakuta kichupa cha dawa ya kikohozi
kimefungwa uzi wa manjano wa ibada.
Alikuwa ameniambia mlangoni, kama anayeagiza chumvi:
"Yamelala kwenye shaba usiku kucha. Hesabu na haya."

Dakta ni wa ukoo wa wafua shaba.
Alicheka, mara ya kwanza tangu mvua zianze,
kisha akakumbuka kazi yake.
"Chupa haikutakaswa. Hii si sampuli."
Akaichuja hata hivyo.

Madoa manne.
Nilihesabu mara tatu, yeye mara moja.
"Manne," akasema. "Kanuni inataka sifuri."
Hakuandika popote.

Nyumbani Mama hakuuliza.
Nikainua vidole vinne.
Akaushika mkono wangu, akakunja kimoja,
akakunja cha pili,
taratibu, kama anavyozikunja zile nguo ndogo
za wawili walionitangulia,
ambazo zimo sandukuni hadi leo.
Viwili vilivyobaki akavishikilia tu,
hakuvikunja, hakuviachia,
na jiko lilikuwa bado halijawashwa.