Turubai la Msikiti

Kanchanben alifariki Jumatano, mvua ikinyesha.
Mbale nzima ilikuwa matope, mlima Wanale umefunikwa,
na wanawe wawili walikuwa ng'ambo,
mmoja akisubiri ndege, mwingine akisubiri ruhusa kazini.

Habari alituletea Perpetua Nambozo,
aliyempikia na kumwogesha miaka kumi na minne.
Alikuja mbio, rozari shingoni, kandambili mkononi.
"Hamidu," akamwambia Baba, "mama anataka kuni."
Anataka.
Kana kwamba bado angeweza kulikemea gogo lenye unyevu.

Maana ndivyo alivyokuwa.
Kila Jumatatu aligonga kuni zetu moja moja kwa ufunguo,
ameinamisha sikio kama daktari.
"Hii hapana lia," alisema, na kuitupa kando.
"Machozi bado iko ndani."
Baba alinuna mwaka mzima.
Halafu naye akajifunza kugonga.

Siku moja, utotoni, nilirudi nyumbani na ile methali
ya Baniani mbaya na kiatu chake dawa.
Niliisema mbele ya wageni, nikingoja kicheko.
Baba akauliza: kiatu chake umekiona wapi?
Yule mama huingia hekaluni peku
kama wewe unavyoingia msikitini.
Ikiwa kiatuni mna dawa, basi imebaki mlangoni,
na yetu imebaki mlangoni vilevile.

Kuni zilikuwepo, mikaratusi ya tangu kiangazi.
Paa ndilo halikuwepo.
Kule mtoni wanakochomea maiti, mabati yaliibwa zamani.
Baba akaenda kwa Sheikh Swaibu kuomba turubai,
lile jipya, la kijani, la swala ya Idi,
tulilolichangia elfu mbili mbili.

Nilibaki nje. Nikasikia sauti zikipanda.
Mmoja alisema moto.
Mmoja alisema masanamu.
Mzee Kadiri akaanza kuutaja mwaka wa kufukuzwa,
akaishia katikati ya sentensi,
labda alikumbuka kitanda anacholalia
kilikuwa cha nani.

Baba hakuhubiri. Kuhubiri hakujui.
Alisema: "Nimemuuzia kuni kavu miaka thelathini.
Siwezi kumpa mbichi
siku ambayo hawezi kuzirudisha."

Wakampa.

Tulishika ncha nne: Baba, mimi, Perpetua,
na Okiria, mlinzi wa hekalu, mlokole,
aliyefumba macho asione dhambi
lakini ncha yake hakuiachia.
Chini yetu pujari akasoma, samli ikamiminwa,
na Jignesh wa duka la vitambaa
akawasha kwa niaba ya mwana asiyefika.
Baba hakuitikia dua isiyo yake.
Aligeuza uso, midomo ikicheza.
Nilidhani anaomba. Alikuwa anahesabu magogo.

Moto ulipokua tulirudi nyuma na turubai,
mvua ikauangukia, moto usijali.
Mtu akanyoosha simu karibu na mwali
ili ng'ambo wasikie.
Kuni zililia. Zote.
Hakuna hata moja ambayo angeitupa kando.

Ijumaa turubai lilitandikwa uani
kwa sisi tuliokosa nafasi ndani.
Lilikuwa limefuliwa mara mbili.
Bado nilipoweka paji la uso
nilinusa samli, moshi, na kitu kama sandali,
na karibu na pua yangu palikuwa na tundu la cheche,
dogo, kama punje ya choroko.

Safu ya mbele, Mzee Kadiri alisujudu.
Tukainuka.
Yeye alikawia kidogo.