Usiukande

Nipa mkono wako, Mwanakombo. Si huo wenye hina mbichi,
huo mwengine.
Weka hapa, karibu na kisukusuku changu, ubinye kidogo.
Wakihisi kile kinachoteleza kama kokwa ya zambarau?
Hicho ni mafuta tu. Nimekaa nacho tangu nimzae Shufaa,
hakinidai kodi, nami sikifukuzi.
Uvimbe laini, unaokimbia kidole, hauna neno sana,
ila nao ukishika mbio kukua
utoe mikononi mwako, upeleke kwa wenye visu.

Jongo utalijua kwa kelele.
Bwana Abdulwahid alikula mishikaki ya harusi siku tatu;
ya nne, kidole gumba cha mguu kimewaka kama jiko la makaa,
hata shuka ikimgusa yuwaruka.
Usimkande. Mwambie anywe maji, aache maini, akatafute dawa.

Baridi yabisi ni mgeni wa alfajiri.
Mikono yote miwili, vifundo vile vile kulia na kushoto,
mama wa watu hawezi kuukanda unga wa mahamri
mpaka jua lifike dirishani.
Huyo mpashe moto taratibu, na umwambie kweli:
uto wetu hupoza, hauponyi.

Na magoti ya wapanda ngazi wa Kuze,
yaliayo kwa, kwa, kama bawaba kavu,
huo ni umri.
Umri haukandiki, ila hupenda kushikwa.

Sasa funga mlango.

Mwaka ule maji ya mvua yalipoingia hadi vyumbani
waliniletea Swabra, ana miaka kumi na mitatu,
uvimbe juu kidogo ya goti, upande wa ndani.
Ameanguka akiruka kamba, akasema mamake.
Kila uvimbe wa mtoto una anguko lake la kusingiziwa.
Nikaukanda.
Siku ishirini na moja, uto na habasoda.
Ulikuwa mgumu kama kisigino,
umeng'ang'ania mfupa kama chaza mwamba,
ngozi juu yake ina joto, inang'aa, mishipa imejichora.
Mchana Swabra alicheka nami. Usiku ndio alilia.
Mamake akaniuliza, nikajibu: usiku kila maumivu hukua.
Nilijibu kwa sababu nilikuwa na jibu.

Makadara, daktari aliinua ile picha nyeusi mbele ya dirisha.
Hakunikaripia; bora angenikaripia.
Mfupa mzima una ukingo, akasema,
kama ukuta uliopakwa chokaa.
Huu ukingo wake umeliwa, na ubavuni
umeota miali, kama jua analolichora mtoto.
Mguu ukakatwa. Haukutosha.
Kisha ikawa kifua.

Basi Jumatatu ulikasirika nilipomrudishia mamake Nadhir
zile shilingi mia tatu, nikawatilia na nauli ya tuktuk.
Ulisema tutakula nini.
Mimi niligusa mara moja, kwa mgongo wa kiganja,
nikauliza mambo mawili: yuwalala usiku?
na ule uvimbe, mwezi jana ulikuwa kama huu?
Mamake akanyamaza. Nadhir ndiye aliyejibu,
huku akivaa glavu zake za ugolikipa kama aliyechelewa mechi.

Wamekitoa kipande kwa sindano. Majibu bado.
Huenda si kitu, ni usaha wa mfupani, ni mfupa ulioota tu;
mkono haujui jina, Mwanakombo. Mkono hujua pa kukoma.
Mamake Nadhir hupita hapa nje haitoi salamu,
asema nimemtabiria mwanawe mauti.
Sawa. Nitalibeba hilo.

Mamake Swabra, yeye hunisalimia kila Ijumaa,
huniletea na kibakuli cha tambi.
Hilo ndilo zito.

Haya, kanawe. Kesho tutaanza mabega.