Mbili za Nyuma

Mogaka aliomba sarafu ya shilingi kumi
(mfukoni mwangu, si mwake)
akaitia kwenye mfereji wa tairi la mbele.
Haikuzama. Ilisimama juu juu
kama mgeni asiyepewa kiti.
"Mwalimu," akasema, "hiki ni kipara. Unaendesha kipara."

Nikamwambia najua.
Nilijua tangu Jumapili ile ya Keringet,
Noah ilipoteremka mlima ikilitazama bonde kwa ubavu,
watoto wote watatu wakanyamaza kwa pamoja,
na Chelang'at, asiyenyamaza hata usingizini,
akanigusa bega kwa nyuma, kidole kimoja tu.

Leo ni tarehe ishirini na sita, Machi.
Wingu limeketi juu ya Menengai tangu asubuhi.
Halina haraka. Linajua njia yangu.

Duka liko kando ya reli. Matairi yamepangwa
kama sufuria za harusi:
mapya ya Uchina, yananuka upya wao;
yaliyovishwa ngozi mara ya pili, ambayo Mogaka mwenyewe hayasifu;
na mitumba ya Japani, moja limebanwa tumboni mwa jingine.
"Haya hapa," akapiga kofi. "Haya ni chuma."

Nikainama. Ubavuni palichorwa mlima wa ncha tatu,
na ndani ya mlima kitu kama ua.
"Ua la nini?" Kibet akauliza.
Si ua, mwanangu. Ni theluji.
Tairi hili lilizaliwa kwa ajili ya baridi,
mpira wake laini kama mkate uliochovywa chai,
meno yake yamechanjwa chale nyembamba za kuumia barafu.
Huko kwao kuna mtu alilinunua kwa hofu kama yangu,
akalivua majira yalipogeuka, akalisahau kibandani,
nalo likavuka bahari kuja kuomba kazi Nakuru.

"Kwani Mau Summit hakunyeshi mawe?" Mogaka akanibana.
"Mwaka jana barabara si ilikuwa nyeupe, watu wanapiga picha?"
Kweli ilikuwa nyeupe. Dakika kumi na tano.
Kisha jua, na lami ya moto,
na kwenye lami ya moto kilaini huliwa kama sabuni.
Nikasoma tarakimu nne zilizobanwa ndani ya duara:
wiki ya thelathini na tisa, mwaka wa kumi na nne.
Lilimtangulia Kibet duniani.

Nikahesabu pesa. Za manne zilikuwapo Januari,
kabla ya karo.
Mawili, basi. Mapya, yenye mifereji ya kutapika maji.

"Tutie mbele," Mogaka akasema. "Gari hili huvuta kwa mbele.
Kwenye matope utanishukuru."
Baba watoto, kwenye simu kutoka Lodwar: mbele.
Kijana wa jeki, ambaye hakuulizwa: mbele, madam.

Nikatazama kiti cha tatu.
Ganda la muwa. Soksi moja. Daftari la hesabu lenye alama ya kiatu.
Mbele nina usukani.
Mbele kukiteleza nitasikia mikononi,
nitaachia mafuta, nitalisemesha gari kwa upole.
Nyuma kukiteleza sina mkono wa kufika huko,
na nyuma ndiko waliko.
"Tia nyuma," nikasema.
"Yale ya nyuma bado yana meno. Yaje mbele."
Mogaka akakuna kichwa kwa spana, akatia.

Vipara viwili akataka nimwachie; fundi wa akala hununua.
Nikavipakia. Mama mkwe analima viazi,
na akala zake zimeisha kisigino.
Hiyo ni hesabu nyingine.

Usiku matone ya kwanza yalipogonga mabati
nikatoka na tochi.
Kibet alikuwa amenitangulia kibandani,
amechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma,
anang'oa vile vinywele vya mpira mpya
kimoja kimoja, anavilaza kiganjani.
"Vya nini hivyo?"
"Nahesabu," akasema, bila kuinua kichwa.
"Bado viko vingi."