Daftari la Saa Tano Usiku

Saa tano usiku, Majengo imelala jicho moja.
Nimesimama mbele ya friji, mlango wazi,
mwanga umenimulika kifuani kama tochi ya askari.
Sina njaa. Nilikula saa mbili, nikashiba, nikashukuru.
Lakini mkono umeshakamata bakuli la kaimati;
umeizoea njia, haunisubiri.

Ya kwanza sikuionja.
Ya pili sikuionja.
Ya saba ndiyo iliyonifikia,
na shira yake ilikuwa na sauti ya Bwana Karama:
"Mishi, kontena bado liko Kilindini,
siku ya tisa hii, faini inapanda, wewe umelala?"

Sikulala. Nilikuwa natafuna.

Nilitafuna faini. Nilitafuna meseji ya sako
inayonikata kila mwezi deni la Mbwarali,
ndugu yangu wa ziwa moja,
niliyemdhamini akazima simu.
Mkate wa sinia niliukatia wageni vipande vinne;
wageni wakawa mimi, na mimi, na mimi, na mimi.
Viazi karai vya Bi Tatu nilivificha mkobani chini ya mafaili,
mafuta yakachora visiwa juu ya hati za forodha.

Na msinione mroho.
Ramadhani nafunga zote ninazoruhusiwa,
joto linanichemsha, mate yanakauka, na nasubiri.
Njaa ile ina adhana yake.
Hii haina muadhini.

Kule zahanati ya Tudor, muuguzi Kadzo
alinipima presha, akanyamaza, akapima tena.
Hakuniambia "punguza,"
neno ninaloitwa kuliko jina langu.
Alinipa daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma.
"Usiandike ulichokula tu.
Andika kilichotokea kabla."

Jumatatu: Karama kapiga meza. Kachiri, pakiti mbili.
Jumanne: hakuna aliyepiga simu. Mahamri matano ya jana.
Jumatano: nimepita chumbani kwa Swabra,
kitanda kimetandikwa tangu aende chuo Eldoret. Halua. Yote.
Alhamisi: sijui. Mkate mkavu, wima.

Hiyo "sijui" niliitazama
mpaka chai ikaota ngozi.

Sikuzinduka siku moja, nisiwadanganye.
Kwanza niligundua kwamba usiku nilikuwa nadai
nilichojinyima mchana. Nikaanza kula mchana:
kiazi kitamu na chai isiyo sukari, mbaazi, mchicha,
tasi wa kuchoma, ndimu, pilipili ya kunitoa machozi
yenye sababu inayojulikana.
Nikaanza kukaa. Kukaa tu, sahani mezani, kijiko kimepumzika.
Jioni natoka ofisini kwa miguu, napita Mwembe Tayari,
viatu vya kazi mkononi, raba miguuni, buibui limeloa mgongoni,
na nikifika nyumbani nusu ya maneno ya Karama
yameshaanguka njiani.
Simu inalala kabatini. Karama humo, na masufuria.

Juzi sako wakaongeza riba.
Nilikula kaimati kumi na moja.
Nikaandika: kumi na moja. Nikaandika: riba.
Nikaosha bakuli, nikalala. Kiama hakikusimama.

Leo tena, saa tano.
Friji wazi, mwanga uleule, bakuli lilelile.
Nimelitoa, nimeliweka mezani, nimevuta kiti.
Nimejiuliza kwa sauti, jirani asikie akitaka:
Mishi, nani kapiga meza?

Hakuna. Leo ni siku aliyozaliwa Mbwarali.

Nimefungua kabati. Nimeibonyeza namba
ambayo kwa miezi saba imekuwa haipatikani.
Imeita.
Imeita.
Mtu kapokea, hasemi, napajua anavyopumua
tangu tukilala mkeka mmoja.

"Mishi?"

Mezani kaimati zinatoa jasho.
Sijui nitamwambia nini.
Mdomo wangu, kwa mara ya kwanza saa hizi,
uko mtupu.