Muhtasari wa Kikao, Newala

Mimi ndiye niliyeandika:
"Mheshimiwa Nampoto alichangia hoja, akapinga."
Mstari mmoja. Fomu haikuwa na nafasi zaidi.

Haikuwa na nafasi ya koti lake la kaki,
jinsi alivyolifunga kifungo taratibu
kama mtu anayefunga ghala usiku,
akangoja feni iache kulalamika,
ndipo akasema:

"Salfa ya bure siitaki.
Cha bure hakina mwenyewe.
Mwaka huu mfuko, mwakani pampu,
mwaka wa tatu mtalala mkingoja
serikali ije iwapulizie.
Na huu mkopo wa ukumbi, ataulipa nani?
Mtoto aliye mgongoni hajaulizwa,
na tayari anadaiwa.
Huko Dodoma wanageuza mtaala kama chapati,
upande wa kwanza haujaiva.
Mama yangu alishuka bondeni usiku
kufuata ndoo moja ya maji,
na hakuna aliyemwita mnyonge."

Bi Asumini wa Viti Maalumu, bila kuinua kichwa:
"Hakuna aliyemuuliza."

Hilo nalo sikuliandika.
Waliokubali ishirini na saba. Aliyekataa mmoja.

Siku ya mgao jina lake lilikuwa la kumi na nne.
Nililisoma mara mbili, nikaliruka.
Alinunua yake dukani kwa Mshamu,
mifuko sita, bei ya mwezi wa sita,
na shamba lake linakula kumi na mbili.

Ukipita njia ya Kitangari uliona mwenyewe:
huku maua yamesimama,
kule ubwiriunga umeyala, meusi, makavu,
na mpaka umenyooka kama umepigwa rula.
Watu walipunguza mwendo wa pikipiki wacheke.
Nami nilicheka,
mimi ambaye mjomba wangu alipokea mifuko mitatu ya bure
na kufikia Ijumaa
miwili ilikuwa imeshauzwa Masasi.

Mnadani magunia yake yalitosha kuhesabiwa kwa vidole.
Akakunja stakabadhi mara nne,
akaitia mfuko wa ndani,
akaniuliza habari za nyumbani.

Jana tulikaa tena. Hoja ya ushuru.
Kabla mwenyekiti hajamaliza kuisoma
nikasikia kiti kikisukumwa nyuma,
nikaona mkono ukitafuta kifungo.

Nikaandika "akapinga."
Kisha, sijui kwa nini,
nikaacha mistari miwili mitupu,
mmoja wake,
mmoja wa Bi Asumini.