Mkebe wa Vigwe

Mkebe huu ulikuwa wa biskuti za harusi yangu.
Ndani yake niliweka vichwa vya Langoni nzima:
vigwe, kila kimoja na fundo lake,
fundo pale kigwe kilipokutana na mwanzo wake
juu ya sikio la mtu.
Cha Famau mchonga milango, kichwa kirefu kama yai la kanga.
Cha Shekuwe, aliyenipa arubuni akafa,
kofia yake ikabaki na nusu ya ua.
Cha mwanangu Bunu, kifupi, siku aliyohitimu chuoni.

Kofia moja, miezi mitatu.
Bafta, sindano, vitobwe mia saba vya kuzungushia uzi,
na mato, ambayo hakuna anayeyalipia.
Mtu alikuja akauliza, "Bado?"
Nikamwambia, "Bado,"
tukanywa kahawa juu ya hiyo bado.

Kisha ng'ambo, upande wa Magogoni, wakafyeka mikoko,
wakaichimba bahari kama kisima,
mchanga ukitapikwa usiku na mchana,
taa zikawaka hata nyota zikaona haya.
Wakasimamisha winchi, shingo ndefu,
kama wageni wanaochungulia ndani ya ua
wala hawakupiga hodi.

Karani akaja na daftari la fidia.
Wenye hati wakaandikwa.
Wenye minazi tu, na makaburi ya babu zao,
wakaambiwa wangoje,
wakajifunza bado ya namna nyingine,
bado isiyo na kahawa.

Bunu akapata kazi. Sitasema uongo: nilipiga vigelegele.
Akarudi na helmeti ya manjano.
Nyuma ina kigurudumu; ukikizungusha, trrr,
inabana kichwa chochote.
Akanivika mimi. Trrr.
Akamvika mtoto wa jirani. Trrr.
"Waona, mama? Haitaki kigwe."

Mshahara ukaingia kwa simu.
Makuti yakashuka, mabati yakapanda.
Friji ikaja, ikawekwa pale nilipozoea kushonea,
kwani ndipo penye plagi.
Nikahamia barazani,
na kutoka barazani nikauona mtaa ukihama bila kuondoka:
vyumba vya juu wamepangishwa vijana wa bara,
wapole, wenye usingizi mwingi;
mwalimu wa chuo amekuwa mlinzi wa lango;
Famau ameuza patasi zake, anaendesha forklifti,
na milango inakuja ndani ya kontena,
imeshachongwa, maua yote yamelingana.
Ndoa hufungwa kulingana na ratiba ya mapumziko.
Watu hawasemi tena "baada ya alasiri".
Husema "zamu ya pili".

Siku moja Bunu akaingia, paji limechubuka.
"Mama, plastiki yala kitwa. Nishonee kitu cha ndani.
Usitie maua. Hapana atakayeyaona."
Nikashona siku nne. Bafta tupu, mshono wa mbiombio,
nikaona aya kuukabidhi mkononi mwake.
Akauvaa chini ya manjano, akaenda.
Juma lile wakaja wenzake sita.
Halafu kumi na tisa.
Halafu msimamizi akapiga simu: mia mbili, mwisho wa mwezi.
Nikanunua cherehani ya umeme.
Nikamwajiri Khuleta na binti zake wawili.
Friji ikahamishwa. Plagi ikawa yangu.

Jana kaja kijana mgeni, ana kichwa kizuri mno,
kipana kisogoni, cha kumfurahisha fundi.
Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mkebe.
Ndani mna risiti, chaja, na noti ndogo za chenji.
Vigwe nilivifungia mafurushi ya kofia, sikumbuki lini.
Basi nikamuuliza, bila kuinua mato:
"Kubwa, ya kati, au ndogo?"
Hakujua. Hapana aliyepata kumpima.
"Ya kati," nikamjibia,
cherehani ikaendelea.

Kofia ya Shekuwe iko msumarini, na nusu yake ya ua.
Wapitao huuliza kama inauzwa.
Nawaambia, bado.